Vipande vya shaba vya 1863 kwenye kopo la vifungo: pesa bandia, utajiri, au ahadi ya mwenye duka?

Swali: "Mtaalamu, habari za kazi. Mimi ni mzaliwa wa Kigoma, kwa sasa naishi Columbus, Ohio. Juzi nilikwenda kwenye mnada wa vyombo vya nyumba ya bibi mmoja aliyefariki, nikanunua kopo la vifungo kwa dola 12. Chini ya vifungo nimekuta vipande vitatu vya shaba, vidogo kama senti ya hapa. Cha kwanza kina kichwa cha Mhindi Mwekundu mwenye manyoya na mwaka 1863, na nyuma kuna jina la mwenye duka la vyakula wa Cincinnati. Cha pili kina bendera, na nyuma kimeandikwa NOT ONE CENT, ila hilo NOT ni dogo mno. Cha tatu kinafanana na cha kwanza lakini kinatoa unga wa kijani. Shemeji yangu anasema ni pesa bandia, nikikutwa nazo nitaharibu karatasi zangu za uhamiaji. Rafiki yangu anasema ni za vita ya watumwa, kila kimoja ni maelfu ya dola. Mke wangu ameshaandaa ndimu na majivu avisugue. Mimi nimevutiwa, nataka kukusanya zaidi. Nianzie wapi? Na je, hivi ni sawa na zile hela za Tabora alizokuwa nazo babu?"

Ndugu yangu, kabla ya yote toa vipande hivyo kwenye kopo leo hii, na ndimu ziende kwenye samaki. Sababu nitakupa huko mbele, lakini mambo hayo mawili hayasubiri ufike mwisho wa jibu.

Naona kinachokunyima usingizi zaidi ni neno la shemeji yako, kwa hiyo tuanze nalo. Ulichokipata si pesa bandia. Pesa bandia hujifanya pesa ya serikali ili imdanganye anayeipokea. Vyako havikumdanganya mtu: kimoja kimeandikwa jina la mwenye duka waziwazi, kingine kinakana kwa maandishi kwamba ni senti. Hizi ni tokeni, yaani vipande vya mfano wa sarafu, zilizotolewa na watu binafsi, hasa wafanyabiashara, wakati wa Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe vya Marekani, nyingi mwaka huohuo wa 1863. Ni kweli kwamba sheria ya tarehe 8 Juni 1864 ilipiga marufuku watu binafsi kutengeneza sarafu na kuzitumia kama fedha, na adhabu yake ilikuwa nzito: faini hadi dola 3,000 au kifungo hadi miaka 5. Lakini kuwa nazo, kuzinunua na kuziuza kama vitu vya kale ni halali. Zinapigwa mnada hadharani, zinawekwa mezani kwenye maonyesho ya sarafu, na hata Smithsonian, jumba la makumbusho la taifa lenyewe, inazo kwenye hazina yake. Mwambie shemeji apumue. Wewe usijaribu tu kununulia mkate.

Sasa swali ambalo hukuuliza, ila ndilo linalofungua mengine yote: muuza vyakula anapataje wazo la kujigongea senti?

Vita vilianza Aprili 1861. Serikali ya Kaskazini ilikuwa ikitumia kuliko ilichokuwa nacho, watu wakaingiwa na hofu, na tarehe 30 Desemba 1861 mabenki ya New York yakaacha kuwapa wateja dhahabu kwa noti zao. Dhahabu ikaondoka mitaani. Februari 1862 serikali ikaanza kutoa noti mpya zenye mgongo wa kijani, ambazo huwezi kwenda nazo benki ukadai dhahabu. Noti hizo zikaanza kushuka. Fikiria sasa uko na sarafu ya fedha ya senti 25. Ndani yake mna madini. Ndani ya noti mna karatasi na neno la serikali iliyo vitani. Noti iliposhuka vya kutosha, mwenye dola 100 za sarafu za fedha aliweza kumuuzia dalali, au kuzivusha mpaka Kanada, akarudi na noti za zaidi ya dola 100. Nani basi atatoa sarafu ya fedha kununulia sabuni, na noti anayo mfukoni? Kufikia katikati ya 1862 sarafu za fedha zilikuwa zimetoweka.

Zikabaki senti. Senti ya wakati ule haikuwa kama ya leo. Ilikuwa nene, gramu 4.67, shaba asilimia 88 na nikeli asilimia 12, rangi yake ikielekea weupe. Madini yake hayakutosha kumshawishi mtu aiyeyushe, lakini ndiyo iliyokuwa chenji pekee iliyobaki, kwa hiyo watu wakaifunga kwenye mafungu, wakaiuza kwa faida juu ya bei yake, nayo ikaadimika.

Wewe umekulia kwetu, unajua mwenye duka anavyofanya chenji ikikosekana: anakupa pipi. Pipi haina thamani nje ya duka lile, lakini wewe unaipokea kwa sababu foleni ni ndefu na mvua inakuja. Wamarekani wa 1862 walipitia hayo kwa kiwango cha nchi nzima. Walianza na stempu za posta. Sheria ya 17 Julai 1862 iliziruhusu zitumike kulipia madeni fulani ya serikali, na watu wakazitumia kwa kila kitu. Stempu ina gundi nyuma. Weka mfukoni wakati wa joto la Julai uone. Mtu mmoja, John Gault, akapata hataza tarehe 12 Agosti 1862 ya kidude cha shaba njano cha mviringo chenye dirisha la ulanga: stempu ndani, tangazo la biashara mgongoni. Ni vitu vizuri kupita kiasi, na ukivipata leo utavilipia vilivyo, lakini vilikuwa ghali kutengeneza na havikutosha.

Ndipo wachonga mihuri wa miji mikubwa walipoona biashara. Pale Cincinnati walikuwapo akina John Stanton na W. K. Lanphear; na kule Waterbury, Connecticut, kulikuwa na kiwanda cha Scovill kilichozoea kutengeneza vifungo. Mashine ya kugonga kifungo na ya kugonga senti hazipishani sana. Walikuwa na muhuri wa chuma wa upande mmoja uliokwisha kuchongwa, mara nyingi kichwa kilichoigwa kutoka senti ya serikali, huyo Mhindi wako. Mwenye duka akija, wanamchongea upande wa pili tu: jina, biashara, mtaa, mji. Alizinunua kwa bei iliyokuwa chini ya senti moja kwa kipande, akazitoa kama senti moja, na kila aliyezitia mfukoni akatembea na tangazo lake. Iwapo mteja angepoteza tokeni, hiyo ilikuwa faida tupu.

Hapa kuna jambo ninalotaka ulishike, kwa sababu litakusaidia kuzitambua. Muhuri mmoja wa kichwa ungeweza kutumika kwa mamia ya maduka. Kwa hiyo upande wa kichwa peke yake hauelezi kitu. Ukituma picha kwa mtu, tuma pande zote mbili na ukingo, la sivyo atakuwa anakisia.

Kuhusu lile NOT dogo, sheria hiyohiyo ya Julai 1862 iliyoruhusu stempu ilikataza watu binafsi kutoa noti au tokeni ya chini ya dola moja iliyokusudiwa kuzunguka kama fedha. Mchongaji akatafuta mlango wa nyuma. Kwa mbali jicho lisome ONE CENT, na siku ya kuulizwa aseme, "Mheshimiwa, mbona nimeandika kwamba si senti?" Ndivyo wengi wetu tunavyolielewa neno hilo. Halimaanishi kwamba kipande chako hakina thamani. Ni mzaha wa kisheria wa miaka zaidi ya 160, na mimi ndio ninaoupenda kuliko mengine yote kwenye fani hii.

Ahadi ya mwenye duka ilikuwa na nguvu kiasi gani? Kisa kinachosimuliwa sana ni cha Gustavus Lindenmueller, mwenye baa wa New York, aliyetoa tokeni zenye kichwa cha mtu mwenye ndevu. Inasemekana zilipita milioni moja. Abiria wa tramu za kukokotwa na farasi za Third Avenue walilipia nauli kwa tokeni hizo, kampuni ikazipokea kwa kukosa chenji nyingine, zikarundikana. Siku moja kampuni ikampelekea rundo lake azibadilishe kwa pesa halisi. Akakataa, na kampuni haikuwa na pa kumshika. Si wote waliokuwa kama yeye. Wengi walikuwa watu wa mtaani ambao jina lao lingechafuka wakikataa senti ya jirani. Ila kisa chake kinaonyesha kwa nini serikali haikuweza kuliacha jambo hili liendelee.

Na serikali, kwa kweli, ilijifunza kutoka kwa wenye maduka. James Pollock, mkurugenzi wa kiwanda cha sarafu cha serikali, aliona kwamba watu wanapokea bila kunung'unika vipande vyembamba vya shaba visivyofikia thamani ya senti. Kama wanapokea cha muuza nyama, watapokea cha serikali. Sheria ya 22 Aprili 1864 ikaleta senti mpya nyembamba ya gramu 3.11, shaba asilimia 95 na bati na zinki kidogo, na mwezi wa sita ukaja ule marufuku niliokutajia. Biashara ya tokeni ikafa.

Sasa nije kwa rafiki yako na maelfu yake ya dola. Hapa lazima nikukatishe tamaa kidogo. Makadirio ya kawaida ni kwamba ziligongwa tokeni kama milioni 25. Nyingi zilibaki kwenye makopo kama lako. Tokeni ya kawaida iliyochakaa kiasi, ya duka la kawaida la Cincinnati, huuzwa kwa makumi machache ya dola, tuseme kati ya 15 na 40. Cincinnati peke yake ilikuwa na wenye biashara zaidi ya mia waliotoa tokeni, na Ohio ndiyo jimbo lenye aina nyingi kuliko mengine, kwa hiyo usishangae kukuta ulizokuta mahali ulipozikuta. Umenunua kopo kwa dola 12. Hujapata hasara hata kidogo. Lakini usiache kazi.

Zipo zinazofika mamia na hata maelfu. Kinachozipandisha si umri, maana zote ni za miaka ileile. Ni mambo matatu yanayokutana: zimebaki ngapi, nani anazitaka, na ziko katika hali gani. George Fuld na baba yake Melvin walitunga orodha na kipimo cha uadimu ambacho wakusanyaji wote wanakitumia: R1 ni zile zinazokadiriwa kubaki zaidi ya 5,000, R5 ni kati ya 75 na 200, R9 ni mbili hadi nne, R10 ni moja tu inayojulikana. Katika orodha hiyo kila mji una namba yake. OH165 ni Cincinnati, NY630 ni jiji la New York, kisha inakuja herufi ya mwenye duka, namba ya aina, na herufi ndogo ya madini: a ni shaba, b ni shaba njano, d ni shaba na nikeli, f ni fedha. Ukishajua kusoma namba hiyo, muuzaji hawezi kukuzungusha.

Ila angalia mtego mmoja. R9 na R10 nyingi hazikuwahi kuingia droo ya duka. Wakati uleule wa vita kulikuwa na wakusanyaji wenye pesa, na wachonga mihuri wakawahudumia: wakagonga tokeni ya muuza dawa kwa fedha, kwa bati, juu ya senti halisi, au wakaunganisha mihuri miwili isiyohusiana, vipande vichache tu, ili viwe adimu makusudi. Watu wanavilipia, na sina ugomvi nao. Mimi binafsi naona kipande cha shaba cha R3 kilicholika kwa kupita mikononi kina mengi zaidi ya kusema kuliko R10 ya fedha inayong'aa iliyozaliwa kabatini. Na soko mara nyingi linakubaliana nami: tokeni ya R6 kutoka mji mdogo uliokuwa na mwenye duka mmoja tu aliyetoa tokeni inaweza kugombaniwa kuliko R9 ya mihuri iliyochanganywa.

Nikutajie pia jamaa zake, maana ukianza kutafuta utakutana nazo. Cha bendera ulicho nacho ni cha kundi la pili, lisilo na jina la duka, lenye maneno na picha za kuunga mkono Muungano, yaani upande wa Kaskazini. Moja iliyo maarufu imebeba amri ya John A. Dix, waziri wa fedha, ya Januari 1861, kwamba anayejaribu kuishusha bendera apigwe risasi papo hapo; katika baadhi ya mihuri mchongaji aliteleza, neno SPOT likawa SPOOT, na kosa hilo limekuwa kipenzi cha wakusanyaji. Kundi la tatu ni la wachuuzi wa kambini, waliopewa ruhusa ya kufuata kikosi fulani na kuwauzia askari tumbaku na biskuti. Zao zina jina la kikosi na thamani kama senti 5, 10, 25 au 50. Ni chache na ghali. Ukiona namba ya kikosi kwenye kipande chochote, simama, usikiuze kwa mtu wa kwanza anayetabasamu.

Kuhusu "vita ya watumwa", rafiki yako hajakosea kuhusu chanzo cha vita, lakini tokeni zenyewe zilizaliwa na uhaba wa chenji madukani Kaskazini. Kusini karibu hakuna. Kule walihangaika na vijinoti vya karatasi.

Sasa ndimu. Shaba ikikaa na hewa kwa miaka, uso wake huungana na oksijeni na kujivika ngozi nyembamba ya kahawia. Ngozi hiyo ni sehemu ya kipande chenyewe, na ndiyo inayolinda shaba iliyo chini. Asidi ya ndimu inaiyeyusha, majivu yanachuna kilichobaki pamoja na ncha za herufi. Kipande kitang'aa kwa rangi ya waridi isiyo ya asili, na mkusanyaji yeyote atakitambua tangu mlangoni. Kilichokuwa dola 40 kinakuwa dola 8, na hakuna wa kukirudisha. Dawa ya meno, siki, soda na mafuta ya kung'arisha yote ni ndugu wa ndimu. Kama kuna udongo mkavu, loweka kwenye maji yaliyochemshwa na kukusanywa mvuke wake, yale ya kuwekea betri, kisha acha kikauke chenyewe juu ya kitambaa. Usifute.

Na kopo? Vifungo vya zamani vingi ni vya seluloidi. Seluloidi ikizeeka huoza taratibu na kutoa mvuke wenye asidi, na ndani ya kopo lililofungwa mvuke huo hauna pa kwenda ila kwenye shaba. Ndiyo maana nilikuambia uvitoe leo.

Cha tatu, chenye unga wa kijani, ndicho kinachonipa wasiwasi. Kijani si lazima kiwe ugonjwa. Kikiwa kigumu, laini, kimeshikana na kipande kama rangi, kiache. Ni ngozi ya kawaida. Kikiwa kama ute unaonata, mara nyingi kinatokana na mifuko laini ya plastiki, na hicho asetoni safi hukiondoa: tumia bakuli la kioo, fungua madirisha, weka mbali na moto, usitumie ile ya kuondolea rangi ya kucha yenye manukato, na usisugue. Lakini unga mwepesi wa kijani kibichi unaodondoka na kurudi tena ni jambo jingine. Hapo chumvi yenye klorini imeingia ndani ya shaba. Ikikutana na unyevu na hewa inatengeneza asidi, asidi inakula shaba na kuzaa chumvi nyingine, na mzunguko unaendelea mpaka kipande kiwe na mashimo. Kitenge na vingine viwili sasa hivi, kiweke kwenye kikopo kikavu chenye vile vipakiti vya kufyonza unyevu vinavyokuja na viatu vipya, kisha kiangalie baada ya wiki mbili au tatu. Unga ukirudi, hiyo ni kazi ya mtaalamu wa uhifadhi wa metali, akiwa nacho mkononi. Usijitibie kwa maelekezo ya video. Kama kipande ni cha kawaida, gharama ya kukitibu inaweza kupita bei yake, na si vibaya kuamua kukiweka kikavu tu na kukiacha kiwe kumbukumbu.

Kwa uhifadhi wa viwili vilivyobaki, nunua vile vikaratasi vya mraba vyenye dirisha la mailari, plastiki isiyodhuru shaba. Epuka mifuko laini inayonuka kama pazia jipya la bafuni; harufu hiyo ndiyo adui. Shika kipande kwa ukingo. Na andika: kimepatikana wapi, lini, pamoja na nini. Risiti ya mnada iweke. Miaka 20 ijayo karatasi hiyo itakuwa na thamani yake.

Vya kughushi vipo, nisikufiche. Vingine ni nakala za ukumbusho. Sheria ya Marekani ya 1973 inataka ziandikwe COPY, lakini si kila mtu anatii sheria. Tokeni nyingi za kweli zina upana wa milimita 19 hivi, lakini uzito wake unapishana sana kwa sababu kila karakana ilikuwa na bamba lake, kwa hiyo mizani peke yake haihukumu. Tumia lenzi. Kipande kilichogongwa kina herufi zenye kingo kali; kilichomiminwa kwenye kalibu kina vitundu vidogo kama vya chapati, herufi zilizolegea, na wakati mwingine mstari kuzunguka ukingo. Sumaku isishike. Kwa vyako, vilivyotoka chini ya vifungo vya marehemu, sina mashaka makubwa. Mtu hughushi ili auze, si ili afiche kwenye kopo la cherehani.

Kutuma kwenye kampuni za kupima na kufungia kwenye plastiki, kama NGC au PCGS? Kwa kipande cha dola 30, hapana. Ada na posta vitakula thamani yote. Fanya hivyo tu ukishaambiwa na mtu anayejua kwamba una kitu cha mamia ya dola, au unaponunua kitu cha bei hiyo kwa mtu usiyemfahamu. Vivyo hivyo kuuza: mwenye duka la sarafu lazima ale, hatakulipa bei atakayouzia. Ukitaka bei nzuri, nenda kwenye maonyesho, onyesha meza tatu tofauti, usiuze siku hiyohiyo.

Wapi pa kuanzia? Ningekuwa wewe nisingekimbilia kununua. Ningemtafuta kwanza yule mwenye duka. Una jina, una mji, una mwaka. Vitabu vya anwani vya miji ya Marekani vya wakati ule vilitoka karibu kila mwaka, vikimtaja mtu, kazi yake na mtaa wake. Maktaba ya umma ya Cincinnati imeviweka vingi mtandaoni, bure. Sensa za 1860 na 1870 zipo pia. Utajua alizaliwa wapi. Wengi wa wenye maduka wa Cincinnati walikuwa wahamiaji wa Kijerumani, watu waliofika na lugha nyingine mdomoni wakafungua duka. Utajua kama duka lilikuwa bado wazi baada ya vita. Kazi hiyo haina gharama na itakufundisha macho kuliko kununua vipande 20.

Ukimaliza hapo ndipo uchague njia. Wako wanaokusanya mji mmoja, wengine kazi moja: wauza dawa, wapika bia, waganga wa meno, watengeneza majeneza. Mimi ningekushauri Ohio, kwa sababu wewe uko hapo, barabara ya kwenda Cincinnati ni ya saa mbili hivi, na mtaa ulioandikwa kwenye tokeni unaweza kuukanyaga. Kuna Civil War Token Society, chama kilichoanzishwa 1967, chenye jarida na watu wanaofurahi kujibu maswali ya mgeni. Na American Numismatic Association ya Colorado Springs ina maktaba inayoazima vitabu kwa wanachama. Anza na hizo kabla ya kumpa mtu pesa. Mwombe pia mtu mwenye uzoefu kuliko wewe akitazame kipande pale unapotaka kulipa zaidi ya dola 200, kipande kinapoonekana kuwa cha fedha, au unapoona chini ya maandishi kivuli cha maandishi mengine, maana huenda kiligongwa juu ya sarafu halisi.

La mwisho, babu na Tabora. Chanzo kinafanana, aliyetoa ni tofauti. Mwaka 1916 Wajerumani walikuwa wamezingirwa, manowari za Waingereza zimefunga bahari, sarafu haziwezi kuletwa kutoka Ulaya. Wakagonga zao kwenye karakana za reli Tabora: sarafu ndogo za heller 5 na heller 20, za shaba na shaba njano, na ile ya dhahabu ya rupia 15 yenye tembo, kwa dhahabu ya mgodi wa Sekenke. Septemba mwaka huohuo Wabelgiji wakaingia Tabora na kazi ikaisha. Hizo zilikuwa sarafu kamili za serikali ya koloni. Hazikuwa ahadi ya mwenye duka, na hukusanywa na watu wengine kwa orodha nyingine. Heller 20 zilitoka nyingi na leo ni za bei ya wastani, ingawa mihuri yake ina aina kadhaa zinazopishana kwa umbo la taji na mapambo, na baadhi ni adimu. Rupia 15 za tembo ni ghali, na kwa sababu hiyo zimeghushiwa sana. Kama za babu bado zipo Kigoma, mwombe aliyebaki nazo apige picha pande zote mbili kwenye mwanga wa dirisha, mwaka 1916 na herufi T visomeke, na kama iko ya tembo aipime kwa mizani ya sonara: ya kweli ni gramu 7.17 hivi. Asiipeleke kwa sonara kuikwaruza ili kujua kama ni dhahabu. Picha na uzito vinatosha kwa hatua ya kwanza.